Maswali na Majibu: Kioo, Penseli na Uso Wako

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu kujichora: mwanafunzi kukaa mbele ya kioo na kuchora uso wake mwenyewe. Zimetoka Ahero, Maseno, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Bungoma na Busia. Tumezifupisha kidogo, na majina tumeyaondoa.

Macho yamepanda kwenye paji

*Wahariri, hamjambo? Nafundisha Sanaa Bunifu, Gredi ya 7. Wanafunzi ni 52 na vioo nilivyo navyo ni 9. Kila nikiwaambia wajichore, macho yanakaa juu kabisa, paji la uso halipo, na picha zote zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Nifanyeje, na kazi hii inahitaji vipindi vingapi? – Mwalimu, Ahero*

Mwalimu, zinafanana kwa sababu hakuna aliyechora uso wake. Kila mmoja amechora jicho, pua na mdomo aliouzoea tangu chekechea. Anza na vioo, kisha vipimo, na penseli ije mwisho.

Kioo hakihitaji kuwa kikubwa. Mtu akijitazama kwenye kioo bapa, taswira ya kichwa chake juu ya kioo huchukua nusu ya ukubwa wake halisi, akikaribia au akirudi nyuma. Wanafunzi huwa hawaliamini hili mpaka walijaribu. Mmoja afumbe jicho moja, azungushe ukingo wa kichwa chake kwenye kioo kwa kipande cha sabuni, kisha apime kwa rula. Kichwa cha sentimita 20 kitaacha alama ya sentimita 10 hivi. Ndiyo maana kioo cha sentimita 15 kwa 20 kinamtosha mwanafunzi mmoja hadi mabegani. Fundi wa vioo akikukatia bapa la sentimita 60 kwa 90, utapata vipande 18 vya ukubwa huo. Mwombe asugue kingo zote, kisha uzizungushie utepe wa gundi mara mbili ili asikatike mtu. Ukijumlisha na 9 ulivyo navyo utakuwa na vioo 27, yaani kimoja kwa kila wanafunzi wawili na kimoja cha akiba.

Usiwaweke wawili mbele ya kioo kimoja kwa wakati mmoja, kwa maana kila mmoja atakuwa akimsukuma mwenzake. Nusu ya darasa ichore kwa dakika 40 huku nusu nyingine ikifanya kazi ya vipimo na ngazi za kivuli (kutoka kivuli hafifu hadi kilichokolea), kisha wabadilishane. Ukipata kipindi maradufu cha dakika 80 kila wiki, wiki tatu zinatosha. Ukilazimisha kazi yote iishe siku moja utapata macho mazuri yaliyokaa kwenye kichwa kibaya, kwani wengi huanza na macho na muda huwaishia.

Sasa vipimo. Vitabu vingi humwambia mtoto kwamba macho yako katikati ya kichwa. Anaitikia, kisha anayachora juu palepale. Mpe ukanda wa karatasi ajipime mwenyewe. Ncha moja ya ukanda ikae chini ya kidevu, na mwenzake aweke alama penye pembe ya jicho. Kisha alaze rula juu ya utosi na kuweka alama ya pili pale ukanda unapokutana na rula. Akikunja ukanda ili ncha ya kidevuni ikutane na alama ya pili, alama ya jicho itaangukia kwenye mkunjo au karibu sana nao. Wanafunzi wetu wengi wana nywele fupi, na hiyo ni bahati: fuvu linaonekana lote na utosi haujifichi.

Kwa ukanda huohuo atajua kwamba nafasi kati ya macho mawili inakaribia upana wa jicho moja, na kwamba upana wa kichwa ni takriban macho matano. Chini ya pua huangukia karibu nusu ya njia kutoka nyusi hadi kidevu. Mstari ambapo midomo inakutana uko theluthi moja kutoka pua kwenda kidevu. Masikio huanza usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Haya ni makadirio. Uso wa kila mtu huyakiuka mahali fulani, na mahali hapo ndipo picha inapopata mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi aandike pembeni mwa karatasi pale ambapo kipimo chake hakikukubaliana na kanuni, kwa mfano "pua yangu inafika chini zaidi" au "macho yangu yameachana zaidi ya jicho moja". Mwalimu akisoma maneno hayo atajua nani alipima na nani alikisia.

Kwa nini macho hupanda? Kwa sababu akili hushughulika na vitu vyenye majina. Jicho lina jina, pua ina jina, mdomo una jina. Sehemu kubwa ya ngozi na nywele juu ya nyusi haina chochote cha kutazama, basi mkono huiruka. Ukiona paji limekatwa, usimwambie mwanafunzi ashushe macho. Mwambie apandishe utosi. Marekebisho ni yaleyale, ila hili halimlazimu kufuta kazi ambayo tayari anaipenda.

Wiki ya kwanza, waanze kwa dakika 3 za kuchora bila kutazama karatasi: jicho lifuate ukingo wa uso kwenye kioo na penseli iende kwa mwendo uleule, bila kunyanyuliwa. Michoro itachekesha, na ndivyo inavyotakiwa, kwani hofu ya kukosea hupungua. Kisha, kwenye karatasi ya A3, wachore umbo la yai lenye urefu wa sentimita 18 hadi 20, kwa penseli ya HB iliyoshikwa kwa ulegevu. Ukiwaacha wachague ukubwa wenyewe, watachora kichwa kidogo kama yai la kuku katikati ya karatasi tupu, kwa sababu wananakili ukubwa wanaouona kwenye kioo, nao ni nusu. Wagawe yai kwa mistari hafifu ya vipimo na waishie hapo.

Wiki ya pili ni ya sehemu za uso, na makosa hapa yanajulikana. Mboni ikichorwa duara kamili, mtu anaonekana ameshtuka. Katika uso uliotulia, kope la juu hufunika sehemu ya juu ya duara hilo. Pua ikizungushiwa mistari miwili kutoka nyusi hadi chini inakuwa bomba. Mistari ya kweli ya pua ni mifupi: matundu, na mkunjo wa kila upande, mingine yote ni kivuli. Midomo haina ukingo mweusi kuizunguka. Mstari mweusi kuliko yote ni ule wa katikati, pale midomo inapokutana. Shingo nayo huchorwa nyembamba kama mpini wa jembe, ilhali huanzia karibu chini ya masikio na kushuka hadi mabegani.

Kichwa cha mwanafunzi kitahama tu. Atie nukta mbili za sabuni kwenye kioo, moja ipatane na ncha ya pua na nyingine na ncha ya kidevu. Kila anapoinua macho kutoka kwenye karatasi, arudishe uso wake kwenye nukta hizo kwanza. Na kioo kisimame wima usawa wa macho, kikiegemea vitabu vilivyopangwa. Kikilazwa juu ya meza, darasa zima litachora matundu ya pua.

Wiki ya tatu ni ya kivuli na mwanga, na swali linalofuata linaanzia hapo.

Dirisha la kaskazini

*Kitabu chetu kinasema msanii akae karibu na dirisha linaloelekea kaskazini. Darasa letu lina madirisha kaskazini na kusini. Je, sheria hii inahusu huku kwetu? – Mwalimu, Maseno*

Ni sheria ya Ulaya. Kule jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga peke yake, usiohama. Kwenu ikweta inapita karibu na mlango. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana huwa upande wenu wa kaskazini, na miezi mingine huwa kusini. Basi muhula wa pili tumieni dirisha la kusini, na muhula wa kwanza la kaskazini. Paa likiwa na ukingo mpana, tofauti itakuwa ndogo, kwa sababu jua la huku hupita juu sana na ukingo hulizuia.

Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo ya kuepukwa: la mashariki asubuhi, la magharibi alasiri. Miale huingia moja kwa moja na kivuli cha pua kinahama mwanafunzi akiwa bado anakichora.

Mwanafunzi akae ubavu kwa dirisha, si kulitazama wala kulipa mgongo, ili upande mmoja wa uso uwe na mwanga na mwingine kivuli. Taa za dari zizimwe. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ni wakati mzuri. Alasiri mawingu ya mvua yakianza kujikusanya, mwanga hubadilika kila dakika, na mwanafunzi akifuata kila badiliko ataishia na uso wenye vivuli vya pande zote mbili. Achague kivuli kimoja mapema, akizungushie mstari hafifu, kisha akiamini hata wingu likipita.

Simu badala ya kioo

*Mwanangu wa Gredi ya 8 hujipiga picha kwa simu, halafu anainakili. Picha inapendeza lakini pua inatoka kubwa, naye sasa anaichukia pua yake. Je, ni kosa kutumia simu? – Mama, Nakuru*

Mama, kwanza mwambie kwamba pua yake haina tatizo. Tatizo ni umbali. Simu ikishikwa kwa mkono huwa sentimita 30 hivi kutoka usoni, na pua iko karibu zaidi na kamera kuliko masikio. Kilicho karibu huonekana kikubwa. Madaktari wa upasuaji nchini Marekani walikokotoa jambo hili mwaka wa 2018 na kuona kwamba pua iliyopigwa picha kwa umbali huo huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kwa mita 1.5. Masikio nayo hupungua na paji hujikunja kwenda nyuma.

Kwa maoni yetu kioo ni bora kwa mtoto anayejifunza. Picha ya simu imekwisha kumfanyia kazi ya kubapisha uso, kazi ambayo ndiyo somo lenyewe. Tena hulainisha vivuli, na simu nyingi husafisha ngozi bila kuombwa. Lakini pale ambapo kioo hakipo, au anataka kuchora uso unaocheka (kicheko hakidumu dakika 40), simu inafaa kwa masharti. Mtu mwingine ampige picha akiwa umbali wa mita 1.5 hadi 2, simu iwe usawa wa macho, mwanga utoke upande mmoja, na urembo wote wa kamera uzimwe. Akiichapisha, achore miraba ya sentimita 2 juu yake na miraba ya sentimita 4 kwenye karatasi, kisha ahamishe mraba kwa mraba. Picha itakuwa mara mbili ya ukubwa.

Akumbuke pia kwamba kioo hubadilisha kushoto na kulia, lakini picha iliyopigwa na mtu mwingine haibadilishi. Vincent van Gogh alijikata sikio la kushoto Desemba 1888. Katika picha alizojichora mwezi uliofuata, bendeji iko kulia, kwa sababu alichora alichokiona kwenye kioo. Kwa hiyo mtoto akianza na kioo na kumalizia kwa simu, njia ya nywele na alama za ngozi zitagombana. Achague moja.

Nivue miwani?

*Nikijichora, miwani inanisumbua. Niivue? – Mwanafunzi, Nakuru*

Usiivue. Chora macho na nyusi kwanza kana kwamba miwani haipo, kisha weka fremu juu yake. Anayeanza na fremu hujikuta akisukuma macho yaingie ndani yake. Angalia jambo moja zaidi: kama miwani yako ni ya kutoona mbali, ukingo wa shavu unaoonekana kupitia lenzi huingia ndani kidogo, haungani na ukingo ulio nje ya lenzi. Uchore hivyo hivyo ulivyovunjika. Watu watakutambua kwa hilo.

Nani alianza, na kwa nini?

*Mwalimu wetu alisema wasanii wakubwa walijichora mara nyingi. Walikuwa wanajipenda sana? Nani alianza? – Mwanafunzi wa sekondari, Kakamega*

Wa kwanza hajulikani kwa jina. Picha ya rangi inayotajwa sana miongoni mwa za mwanzo ni ya Jan van Eyck, ya mwanaume aliyejifunga kilemba chekundu. Iko London, na kwenye fremu imeandikwa tarehe 21 Oktoba 1433. Wataalamu wengi huamini ni yeye mwenyewe, hasa kwa jinsi macho yanavyomkazia mtazamaji. Macho ya namna hiyo humtoka mtu anayejikagua kwenye kioo, na utayaona kwenye kazi za darasa lenu pia.

Lakini kwa mwanafunzi tungeanza na Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani. Mwaka wa 1484, akiwa na miaka 13, alijichora kwa kalamu yenye ncha ya madini ya fedha. Fedha haifutiki kwenye karatasi iliyopakwa dawa yake. Kila mstari uliokosewa unabaki. Baadaye aliandika kwenye mchoro huo kwamba alijichora kwa kutazama kioo alipokuwa bado mtoto. Mchoro upo hadi leo Vienna. Chunguza mikono yake: mmoja umejificha ndani ya mkono wa vazi. Mkono uliokuwa ukichora hauwezi kutulia uchorwe, na kila anayejichora hulazimika kuupatia mahali pa kwenda.

Vioo vya enzi hizo vilikuwa vidogo, na vingi vilikuwa na tumbo kama mgongo wa kijiko. Parmigianino, kijana wa Italia, alijichora mnamo 1524 jinsi kioo cha namna hiyo kilivyomwonyesha, juu ya ubao uliochongwa mviringo: mkono wake ulio karibu na kioo ni mkubwa kupita kichwa. Jitazame mgongoni mwa kijiko cha kupakulia na utaiona picha hiyo. Vioo bapa vilivyo safi vilitoka Venice katika karne ya 16, vikiwa vimepakwa bati na zebaki nyuma, na bei yake ilikuwa ya matajiri. Kupaka fedha kwa njia ya kemia, alikoonyesha Mjerumani Justus von Liebig mwaka wa 1835, ndiko kulikofungua njia ya vioo vya bei nafuu kama hivi tunavyoning'iniza ukutani.

Kuhusu kujipenda: sababu kubwa zaidi ilikuwa nafuu ya kazi. Mtu wa kuketi achorwe hulipwa, huchoka, na huenda kwao. Uso wako mwenyewe uko tayari saa yoyote. Rembrandt, aliyefariki mwaka wa 1669, aliacha takriban picha 80 zake mwenyewe ukijumlisha za rangi, za kuchapa na michoro. Akiwa kijana alikunja uso, akacheka na kushangaa mbele ya kioo, kisha akachora hayo, kwa sababu alihitaji nyuso zenye hisia kwa ajili ya picha zake nyingine. Van Gogh alijichora zaidi ya mara 35 katika miaka michache. Aliwaandikia ndugu zake waziwazi kwamba hakuwa na fedha za kuwalipa watu wa kuwachora. Frida Kahlo wa Mexico aliumia vibaya katika ajali ya basi mwaka wa 1925, akalazwa kitandani, na kioo kikafungwa juu ya kitanda chake. Zaidi ya picha 50 alizochora ni za uso wake.

Bara letu pia lina mfano wa mtoto wa miaka 13. Samuel Fosso, mzaliwa wa Kamerun, alifungua studio yake ya picha mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka wa 1975 akiwa na umri huo. Filamu ya mteja ikibaki na nafasi chache mwishoni, alizimaliza kwa kujipiga picha yeye, ili amtumie bibi yake aliyekuwa Nigeria ajue kwamba yu mzima. Picha hizo sasa zinaonyeshwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Hakutumia penseli, lakini uamuzi ulikuwa uleule wa Dürer: mtu wa kumwangalia yupo hapa, ni mimi.

Ngozi inatoka kama majivu

*Najifunza kuchora peke yangu. Nikijichora kwa penseli, uso unang'aa kama sufuria. Nikitumia rangi, nikiongeza nyeupe ili nipate mwanga, ngozi inakuwa ya kijivu kama mtu asiyejipaka mafuta. Nakosea wapi? – Kijana, Kondele, Kisumu*

Hili ndilo swali lililotufurahisha zaidi, kwa maana vitabu vingi vya kuchora vimeandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na mwanafunzi wa huku huachwa ajitafutie.

Tuanze na penseli. Ndani ya penseli mna grafiti, na grafiti ikikandamizwa hulala bapa na kurudisha mwanga. Ndiyo sufuria unayoiona. Usikandamize. Weka tabaka tatu au nne za mistari ya karibukaribu, kila tabaka ikikata iliyotangulia kwa mshazari: ya kwanza kwa HB, zinazofuata kwa 2B au 4B, ambazo ni laini na nyeusi zaidi. Usisugue kwa kidole. Jasho na mafuta ya ngozi huacha madoa yasiyofutika.

Kisha elewa jinsi ngozi nyeusi inavyopokea mwanga. Mng'ao wa juu ya ngozi ni uleule kwa watu wote, lakini ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo zaidi kutoka ndani yake. Kwa hiyo mng'ao hujitokeza zaidi: mdogo, mkali, wenye kingo, juu ya paji, kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pua na mdomo wa chini. Anayejichora vibaya hutandaza weupe huo uso mzima. Anayejichora vizuri huuacha mahali pachache, na kuufanya uso uliobaki uwe na giza lenye ngazi nyingi.

Njia rahisi ya kulijifunza hili ni karatasi ya kaki tunayofunikia madaftari. Tumia upande usiong'aa. Rangi ya karatasi iwe ngozi yako ya wastani, mkaa ufanye vivuli, na chaki nyeupe ifanye mng'ao. Sheria ni moja: mkaa na chaki visigusane. Vikikutana vinazaa kijivu kilekile unachokilalamikia. Kati yao iachwe karatasi tupu. Maliza vivuli vyote kwanza. Chaki ije dakika tano za mwisho, na ukiona umeitumia mahali zaidi ya saba au nane, rudi kwenye kioo ukahakikishe.

Kwa rangi: nyeupe hupandisha mwangaza lakini huua wekundu na manjano yaliyomo kwenye hudhurungi, na kinachobaki ni majivu. Ukitaka sehemu yenye mwanga wa wastani, ongeza manjano ya udongo au machungwa, si nyeupe. Ukitaka kivuli, usiongeze nyeusi peke yake. Ongeza buluu iliyokolea kwenye hudhurungi, kivuli kitakuwa na kina bila kuonekana masizi. Kama una rangi za shule za kawaida tu, changanya sehemu 2 za manjano na 2 za nyekundu upate machungwa yaliyokolea, kisha utie buluu kwa ncha ya brashi, kidogo kidogo, hadi ifike hudhurungi. Buluu ikizidi mchanganyiko unageuka kijani kibichi au zambarau, kutegemea aina ya rangi, na hapo rudisha nyekundu ukiwa kijani, au manjano ukiwa zambarau. Tengeneza ya kutosha uso mzima kabla ya kuanza. Kuipata tena hudhurungi ileile mara ya pili ni kazi.

Mng'ao ndio mahali pa kutumia nyeupe, na hata hapo itie tone la buluu kama umekaa dirishani, maana unachokiona kinang'aa pajini ni anga. Ukikaa chini ya balbu ya manjano, itie manjano. Jaribu rangi kwenye kipande cha karatasi, uisubiri ikauke, ukiweke karibu na shavu lako mbele ya kioo. Rangi za akriliki hukauka zikiwa nyeusi zaidi kuliko zilivyokuwa mbichi. Rangi nyingi za unga za shule hukauka zikiwa nyeupe zaidi. Ukilinganisha mbichi na shavu utadanganyika.

Mkaa wa kuchorea

*Mkaa wa kuchorea haupatikani madukani huku kwetu. Wa jikoni unakwaruza karatasi. Tunaweza kutengeneza? – Mwalimu, Bungoma*

Mnaweza, kwa mkebe na jiko. Kateni vijiti vya mforsadi vilivyonyooka, visivyo na fundo, unene wa penseli na urefu wa sentimita 12 hivi. Menyeni magamba, vianikeni wiki mbili. Msitumie mnyaa kamwe, kwani utomvu na moshi wake huumiza macho. Jazeni mkebe wa chuma wenye kifuniko, vijiti vibanane, kisha toboeni tundu moja kifunikoni kwa msumari.

Wekeni mkebe katikati ya makaa kwa muda wa saa moja hivi, nje ya darasa. Moshi mzito mweupe utatoka tunduni, utapungua, kisha utakoma. Ukikoma, ondoeni mkebe na zibeni tundu kwa udongo mbichi. Sasa ndipo wengi huharibu: wanafungua kuchungulia. Hewa ikiingia wakati vijiti vina moto, vinawaka na kuwa majivu mikononi mwenu. Acheni hadi kesho yake. Kijiti kikitoka cha hudhurungi na kinakwaruza, hakikuiva, na kinaweza kurudishwa motoni. Kikivunjika kwa kuguswa, kilikuwa chembamba mno au moto ulizidi.

Mkaa wa jikoni hukwaruza kwa sababu hutoka kwenye miti migumu na vipande vyenye fundo. Kufutia, tumieni nyama ya mkate (sehemu laini ya ndani) iliyokandwa kwa vidole, bila siagi. Ndicho kifutio kilichotumika kabla raba haijaanza kuuzwa mwaka wa 1770. Mchoro ukikamilika, upulizieni dawa ya kupuliza ya nywele (hairspray) kutoka umbali wa sentimita 40, mara mbili nyepesi, nje penye hewa. Mara moja nzito hulowesha karatasi na mkaa hutiririka.

Mtoto hataki kujichora

*Nina mwanafunzi mwenye kovu la moto shavuni. Siku ya kujichora hukaa na karatasi tupu. Nimlazimishe? Na nitampa alama gani? – Mwalimu, Busia*

Usimlazimishe, Mwalimu. Na usimwondoe darasani, maana wenzake wataelewa kwa nini. Kabla ya siku hiyo, tangaza kwa darasa zima kwamba kujichora kuna njia nne na kila mmoja achague: uso wa mbele, mkono wake mwenyewe ukiwa umeshika kitu anachokitumia kila siku, kisogo na bega kwa vioo viwili, au kivuli cha uso wa ubavu. Chaguo likiwa la wote, hakuna anayejitenga. Wengine watachagua mkono kwa sababu tu wanaupenda, na mkono si rahisi kuliko uso.

Alama zitolewe kwa kile kinachofundishwa: kupima, kuangalia, ngazi za kivuli, na kutunza karatasi. Kufanana na mwenyewe kusiwe kigezo, na uzuri wa sura usitajwe kabisa, hata kwa kusifu. Ukimsifu mmoja kwamba ni mrembo, wa pili ameshahukumiwa. Picha zisibandikwe ukutani kabla ya kila mwenye picha kuulizwa peke yake.

Akichagua kivuli, mkalishe ubavu kwa ukuta, upande anaoutaka yeye ndio uelekee karatasi. Bandika karatasi ya A3 usawa wa kichwa. Kichwa kiwe sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, na taa au tochi iwe mita 2 upande wa pili, usawa wa sikio. Taa ikisogea karibu, kivuli kinakuwa kikubwa na kingo zake zinafifia. Aegemeze kichwa kwenye kiti chenye mgongo ili asitikisike, na rafiki anayemwamini azungushe mstari kuanzia shingo ya nyuma, apande kisogoni, ashuke pajini, polepole kwenye pua na midomo. Ndani ya mstari huo ajaze mwenyewe, kwa mkaa, kwa rangi, au kwa maneno anayoyataka.